DHIMA YA MWENYE KUFUNGIA MNYAMA

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeumba kila chenye roho, akakiwekea riziki yake na mahali pake. Na twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Mas-ala tunayotaka kuyatazama leo ni mafupi kwa maneno, lakini ni marefu kwa maana. Mtu akimfungia mnyama au ndege, akawa humpa chakula na maji kila siku, wala hampigi, je, amekwisha kutimiza haki yake? Au iko haki nyengine iliyobaki shingoni mwake, naye hajui kuwa anadaiwa?

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni jambo dogo, na Waislamu wana makubwa ya kuzungumza. Sisi twaona si dogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kuwa mtu aliingia motoni kwa ajili yake, na kosa la kumwingiza mtu motoni haliitwi dogo. Ya pili, jambo hili li mbele ya macho yetu kila kutwa. Sisi watu wa Kongowea twaishi kando ya soko. Kuku hufika wamejazwa katika matenga, na anayenunuliwa hufungwa miguu akaning'inizwa kichwa chini penye usukani wa bodaboda mpaka nyumbani kwa mnunuzi. Ikikaribia Idi ya kuchinja, mbuzi hufungwa kamba fupi juani siku mbili tatu, wala hapana anayejua ni nani aliyempa maji. Barazani mna matundu ya ndege. Uani yuko kasuku ambaye kwa miaka hajapata kukunjua mbawa zake. Ukielekea Nyali wako mamba wafugwao ili watu wawatazame, na ukizidi mbele hadi Bamburi wako viboko na twiga na kobe. Basi mtu wa Kongowea hawezi kusema kwamba habari ya wanyama waliofungiwa haimhusu.

Jawabu lililozoeleka kwa watu wetu ni kwamba chakula na maji vyatosha. Hoja yao ni hadithi mashuhuri ya mwanamke na paka, waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abdullah bin Umar (R.A.). Mwanamke yule alimfungia paka mpaka akafa, akaadhibiwa kwa sababu yake. Wao husema: kosa lake lilikuwa njaa, lau angalimlisha asingalikuwa na lawama. Basi sisi tunaolisha tumesalimika.

Twasema: hadithi ni sahihi, lakini waliofahamu hivyo wameishia nusu ya njia. Mtume (S.A.W.) alipolieleza kosa la mwanamke yule alitaja mambo mawili: kwamba hakumlisha, na kwamba hakumwacha akajitafutia mwenyewe katika vijidudu vya ardhi. Kwa nini likatajwa hili la pili? Kwa sababu paka yule, kabla ya kufungiwa, hakuwa na haja ya mwanamke yule hata kidogo. Ardhi ya Mwenyezi Mungu ilikuwa ikimtosheleza. Mlango ulipofungwa, ndipo mwanamke aliposimama mahali pa ardhi; na mwenye kusimama mahali pa ardhi adaiwa kile ambacho ardhi ilikuwa ikikitoa.

Hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Je, ardhi ilikuwa ikimpa paka chakula tu? Ilimpa pia jua na kivuli, akachagua atakacho. Ilimpa mti wa kunolea makucha, mahali pa juu pa kulala, pembe ya kujificha amwonapo mbwa, wenziwe wa jinsi yake, na kazi ya kunyemelea mchana na usiku. Yote hayo mlango umeyazuia. Mwenye kurudisha moja, yaani chakula, akayaacha yaliyobaki, amelipa sehemu ya deni, wala hajalimaliza.

Haya si maneno tuliyoyazua. Imamu al-Qaffal, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliulizwa juu ya kuwafungia ndege katika matundu kwa ajili ya kusikiliza sauti zao. Akajibu kuwa yafaa, kwa sharti kwamba mwenyewe awaangalie kwa vile wanavyovihitaji, kama mnyama afungwaye kamba. Litazameni sharti hilo. Hakulikata kwa chakula peke yake. Alilifungamanisha na haja. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, sawa na 1262 wa Miladi, amezihesabu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam haki za wanyama juu ya mwanadamu: kwamba awalishe hata wakiwa wazee au wagonjwa wasiokuwa na faida tena, asiwatwike wasichokiweza, asiwachanganye na wenye kuwadhuru, asimchinje mtoto mbele ya mzazi wake, ayatengeneze vizuri malalo yao na mahali pao pa kunywea maji, awakutanishe madume na majike katika msimu wao. Mwenye kuyasoma hayo ataona kuwa chakula ni haki moja katika haki nyingi. Naye Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomeshwa katika misikiti ya pwani yetu karne kwa karne, amekataza mnyama kukamuliwa kiasi cha kumdhuru mtoto wake.

Basi hukumu imekwisha kuwekwa: mwenye kufungia adaiwa haja za aliyemfungia. Limebaki swali moja, nalo ndilo zito: ni nani azijuaye haja hizo? Kuku hasemi, wala kasuku, ijapokuwa ametamka maneno, hakueleza dhiki yake. Wanavyuoni wetu wana kanuni katika jambo kama hili. Mgonjwa akiuliza kama yafaa afungue saumu, fakihi humrejea tabibu. Bidhaa ikidaiwa kuwa na aibu, kadhi huwaita wajuzi wa bidhaa ile. Fakihi huijua hukumu. Hali ya kitu huijua mjuzi wake. Na katika miaka ya karibu wajuzi wa wanyama wamejifunza mengi ambayo wazee wetu hawakuwa na njia ya kuyajua. Hukumu ni ile ile, lakini ujuzi wa haja umezidi. Na ujuzi ukizidi, udhuru hupungua.

Katika mwaka 1942 mtaalamu wa Uswisi, Heini Hediger, ambaye katika maisha yake alisimamia bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich, alitoa kitabu juu ya wanyama wa mwitu waliofungiwa. Alionyesha kwamba yaliyomo ndani ya makazi ya mnyama ni muhimu kuliko upana wake. Chumba kikubwa kitupu ni jela kubwa tu. Mahali padogo penye pa kupanda, pa kujificha na pa kuchimba, mnyama huishi. Mwaka 1965 kamati iliyowekwa na serikali ya Uingereza, mwenyekiti wake akiwa Profesa Brambell, ilisema kwamba mnyama afugwaye awe angalau aweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo vyake. Mwaka 1979 baraza la huko likaueneza mpango huo katika mambo matano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikose raha mahali alipo, asiachwe na maumivu wala maradhi, apate kufanya yaliyo maumbile yake, asiishi katika khofu na dhiki. Tangu hapo imekua elimu nzima ya kuyaneemesha makazi ya aliyefungiwa, yaani kumtilia humo vitu na shughuli vinavyolingana na maumbile yake.

Elimu hiyo imetufundisha pia kuzisoma dalili. Mnyama aliyenyimwa maumbile yake, hata akiwa ameshiba, huanza kufanya mambo yasiyo na maana: hutembea njia moja kwenda na kurudi mchana kutwa, hutikisa kichwa bila ya kukoma, huguguna vyuma. Kasuku hujinyonyoa manyoya kwa mdomo wake mpaka kifua kikawa kitupu. Watu wetu wakiona hivyo hucheka, wakasema anacheza. Au husema ana upele, wakampaka mafuta. Kumbe ni kilio chake, na dawa yake ni mwenzi, na kazi, na nafasi.

Lakini hakuna mfano ulio wazi kuliko wa kuku, tunayemla kila wiki. Kuku akiachwa huru huchakura, hujigaragaza mchangani ili kuyasafisha manyoya yake, hupanda juu ya kijiti ikiingia magharibi, na hutafuta mahali pa siri akitaka kutaga. Wataalamu wamewatazama kuku waliofungiwa juu ya waya mtupu, wakawaona wakijilaza na kujigaragaza kana kwamba wamo mchangani, na mchanga hapana. Na azingatie mwenye moyo. Haja ile imo ndani ya umbo lake, ameitia humo Mwenyezi Mungu. Haiondoki kwa kuondolewa mchanga. Ni kwa sababu kama hizi Umoja wa Ulaya ulikataza vizimba vitupu vya namna hiyo kwa kuku wa mayai tangu mwaka 2012.

Na hapa karibu yetu tuna mfano mwengine. Mwezi wa Desemba 2004, siku za tsunami ile ya Bahari ya Hindi, kiboko mchanga aliyetengana na wenziwe aliokolewa baharini upande wa Malindi, akaletwa Haller Park hapo Bamburi, akapewa jina la Owen. Mahali penyewe palikuwa mashimo ya kuchimba mawe ya saruji, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, pakageuka msitu. Kiboko yule alipofika alimwendea kobe mkubwa, jinsi ya kobe wa Aldabra, aitwaye Mzee, aliyekisiwa kuwa na miaka kama 130. Akawa humfuata alikokwenda, hula kando yake na kulala ubavuni mwake. Watu wakaja kuwatazama, na habari yao ikaenea ulimwenguni. Katika kisa hicho twaona mambo mawili. La kwanza, yatima yule alikuwa na maji na majani, lakini alitafuta mwenzi. Basi mwenzi ni haja. La pili, baadaye walinzi walimpeleka Owen akaishi na kiboko wa kike aitwaye Cleo, ili akue pamoja na jinsi yake, ijapokuwa watazamaji walipenda kumwona na kobe. Hiyo ndiyo mizani ya sawa: kumtazama aliyefungiwa ana haja gani, kabla ya kumtazama mwenye kumwangalia apendezwa na nini.

Na kama ilivyo katika makazi, ndivyo ilivyo katika kumshika na kumwongoza mnyama. Muslim amepokea kwamba bibi Aisha (R.A.) alipanda ngamia mgumu akawa anamsukuma huku na huku, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwenye upole, akamweleza kuwa upole hukipamba kila unapoingia. Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Jaafar habari ya ngamia wa mtu wa Kiansari, aliyemwona Mtume akalia. Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha ndipo akamtafuta mwenyewe na kumkemea, kwa kuwa alimtia njaa na kumchosha. Tazama mpango wake: kwanza alimtuliza mnyama, kisha akamhukumu mtu. Sisi twafanya kinyume. Mbuzi akigoma, twamvuta sikio. Punda akisimama, twamzidishia fimbo, wala hatutazami kama hatamu imemchubua. Wenzetu wa Lamu, ambao mji wao wategemea punda, wamepata hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na humo hutibiwa vidonda ambavyo vingi vyake asili yake ni kamba mbaya na mzigo uliozidi. Na huyo kuku wa kichwa chini, mwenye kumchukua na ajue kwamba ndege hana kiwambo kinachotenga mapafu na matumbo kama alivyo navyo mtu. Akiinamishwa, matumbo yake humwelemea penye pumzi. Njia nzima yuko katika kupigania roho, na mwenyewe adhani ametulia.

Sasa tuzitazame hoja za wenye kupinga.

Wako wasemao: Mwenyezi Mungu ametutiishia wanyama, basi tuna ruhusa. Twajibu: ametutiishia tuwatumie, wala hakutupa tuwaharibu. Yeye aliyewatiisha ndiye aliyetujulisha katika Sura ya al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Na umma una maisha yake na mwendo wake.

Wako wasemao: mtoto Abu Umeir alikuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Ni kweli, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim kwa Anas (R.A.), na kwa ajili yake hatusemi kuwa kufuga ndege ni haramu. Lakini yatazameni yote. Mtume alikuwa akimwuliza mtoto habari za kindege kile, na kilipokufa aliiona huzuni yake. Nyumba ambayo hata mkubwa wa umma hukiulizia kindege si nyumba iliyokitundika ukutani ikakisahau.

Wako wasemao: haya ni mambo ya Wazungu. Twajibu: Izzuddin bin Abdissalam hakuwa Mzungu, na aliandika miaka mia saba kabla ya kamati ya Uingereza. Hatusemi haya kwa kujifakhirisha. Fakhari gani katika kitabu kilichobaki rafuni, ikiwa waliokifanyia kazi ni wengine?

Na wako wasemao, na hawa ndio wanaostahili jawabu refu: hapa Kisauni mna mtu anayeishi na watoto sita katika chumba kimoja, mwatuzungumzia nafasi ya kuku? Twasema: dhiki ya mtu huyo ni haki kuiondoa, na ni haki iliyotangulia. Lakini hatukumtaka atoe mali. Mchanga katika kikarai haununuliwi. Kijiti cha kulalia kuku chaokotwa. Kamba ya mbuzi yaweza kurefushwa, akafungwa kivulini wala si juani. Tena mtu, hata akidhikika, hutoka nje akazungumza na wenziwe, akaenda msikitini, akamshitakia Mola wake na kadhi wake. Aliyefungiwa hana mlango ila ule tuliomfungia sisi. Na asiyeweza kulipa dhima hii hakulazimishwa kuichukua. Fikihi yetu yasema kwamba mwenye mnyama akishindwa naye, hulazimishwa amlishe, au amuuze, au amchinje akiwa ni wa kuliwa. Hapana njia ya nne ya kumweka tu.

Kwa hivyo sisi twaipanga hukumu katika daraja tatu. Daraja ya kwanza ni haramu iliyo wazi: kumnyima chakula au maji, kumtesa katika kumchukua, kumtwika asichokiweza, kumfunga ili apigwe shabaha. Daraja ya pili ni wajibu: kila haja ambayo ikikosekana mnyama hudhurika dhahiri, akajinyonyoa, akajijeruhi au akadhoofu, hiyo imeingia katika sharti la al-Qaffal, wala hapana udhuru kwa aliyekwisha kuijua. Daraja ya tatu ni ihsani: kila kinachomzidishia raha, mwenye kukifanya ana thawabu, kwani Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa katika kila chenye ini bichi mna ujira. Hatuwezi kumwambia mtu kuwa aenda motoni kwa kukosa kumtundikia kuku majani. Lakini twamwambia kuwa amepita mlangoni mwa thawabu rakhisi asiingie.

Ama matendo, haya machache yamwelee kila mwenye nyumba. Kuku na wapewe mchanga mkavu, kijiti na pembe ya giza ya kutagia. Na wachukuliwe wima, kwa mikono miwili au ndani ya kapu lenye kupitisha hewa. Mbuzi ni mnyama wa kundi na wa kupanda: asifungwe peke yake ikiwezekana, na hata jiwe au gogo la kupandia humtosha. Punda na avuliwe hatamu aachwe ajigaragaze mchangani. Kasuku ni ndege wa makundi makubwa misituni. Mwenye naye tayari na ampe mbao za kutafuna, amfichie chakula akitafute, amtoe tunduni kila siku, wala asinunue mwengine, kwani tangu mwaka 2017 mapatano ya mataifa yamezuia biashara ya kasuku wa kijivu walionaswa mwituni. Wala asifungue tundu kwa ghera ya siku moja akamrusha ndege asiyejua kujitafutia; huko si kumpa uhuru, ni kumtupa. Tumbili na kima wasifungwe minyororo hata kidogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kuweka mnyama wa mwitu bila ya kibali, na kabla ya sheria hiyo lilitosha sharti la haja: ni nani katika sisi awezaye kumpa kima msitu wake na kundi lake?

Na watoto na wafundishwe. Mtoto akipewa kazi ya kumtilia kuku maji, aulizwe pia: je, leo umemwona akichakura? Amekaa kivulini? Ana mwenziwe? Akizoea kuuliza hivyo juu ya kiumbe asiyeweza kumjibu, hatashindwa kuuliza juu ya jirani, na mtumishi, na mgonjwa aliyelala chumba cha nyuma. Nao pia wamo mikononi mwa watu, na wengi wao wanalishwa tu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuzijue dhima zilizo shingoni mwetu kabla ya siku ya kuulizwa, na atuwezeshe kuzilipa. Amin.